Amebaki Mzee Onodera

Thunder Bay, Ontario
14 Oktoba

Baba,

Najua utaanza kwa kulalamika kwamba barua yangu haikuanza na majira ya mwaka, kwa hiyo haya: majani yamepukutika yote, asubuhi maji ya kwenye ndoo yanashika barafu, na wenyeji wanasema bado ni joto. Umeridhika? Sasa tuendelee.

Nimetimiza mwezi hapa kiwandani. Kiwanda ni kidogo, kinatengeneza mabuti ya theluji na kitu kingine hakitengenezi. Harufu ya mpira ukiingia ni ileile uliyokuwa ukirudi nayo nyumbani kwenye koti. Siku ya kwanza nilisimama mlangoni nikaivuta kama mjinga, mpaka mlinzi akaniuliza kama naumwa.

Bosi wangu ni mama mmoja anaitwa Marlene Koskela, mkuu wa usanifu. Wote wanamwita Marlene tu, utadhani ni binamu yao. Mimi siwezi. Namwita Bi Koskela, naye kila mara anageuka nyuma kumtafuta mama yake. Mezani tuko watano: yeye, mimi, Doug wa mauzo, Tanis wa uhasibu, na Orest, fundi mkuu wa karakana, ambaye kila Ijumaa analeta maandazi yenye sukari ya pinki na hakubali mtu akatae.

Mkataba wangu ni wa majaribio mpaka mwisho wa Machi. Hapo hao wanne watakaa. Wakiniridhia nabaki moja kwa moja, wasiponiridhia nafungasha virago narudi Tsuruoka. Baba, nataka kubaki. Nalisema wazi ili usije ukasema hukuambiwa.

Tarehe 12 mwezi ujao kuna mkutano wa mabuti mapya, nami nina wazo: buti la kuvulika bila kuinama. Watu wa hapa wanavua viatu mlangoni kama sisi, lakini ungewaona. Watu wazima wanaruka kwa mguu mmoja, wanashikana mabega, na matusi juu. Nataka kisigino kiwe na ukingo wa kukanyagia, na mdomo wa buti ufunguke wenyewe. Wewe umekula chumvi nyingi kiwandani. Wazo hili niliingizeje mezani?

Unakula nini? Usiniambie tambi za kikombe.

Binti yako,
Chizuru


Tsuruoka, Yamagata
27 Oktoba

Chizuru,

Figili nimeshazianika chini ya paa, na milima imevaa nyeupe vichwani. Hivyo ndivyo barua inavyoanza. "Umeridhika" si majira ya mwaka.

Simu uliyoniachia iko kwenye kabati la vyombo. Inalia humo ndani na mimi naiacha ilie. Kwenye simu napiga kelele, na mtaa mzima unajua habari zangu. Tuandikiane.

Wazo lako ni zuri. Sasa usiliharibu kwa kulitupa mezani kama mtu anayemwaga samaki. Unamkumbuka Mzee Hatta aliyekuwa akituhamishia miti bustanini? Kabla ya kung'oa mti aliuzungukia mizizi. Leo alichimba upande huu, wiki ijayo upande ule, akiufunga mzizi mmoja mmoja, wala hakuwa na haraka. Siku ya kuuhamisha, mti wenyewe haukujua kama umehama. Basi na mkutano ni hivyo hivyo. Mwendee kila mtu peke yake. Doug wako kwa kahawa, mhasibu kwa chai, fundi kwa andazi lake. Mweleze polepole, msikilize, rekebisha pale anapotaka. Wakishakubali wote, mwisho kabisa ndiyo unamwendea mkubwa, ili asije akaitikia jambo ambalo wadogo watalikataa, akaaibika. Mkifika mezani hakuna kazi iliyobaki. Mnaitikia, mnakunywa chai, mnatawanyika.

Jambo la kuambiwa mezani halina adabu. Nalijua vizuri, kwa sababu habari ya Kanada niliambiwa mimi kati ya supu na samaki, na tiketi ilishakatwa. Siku ile nilikula samaki mzima sikujua ni wa aina gani.

Na lingine. Ulipoajiriwa mara ya kwanza hapa kwetu, niligonga mhuri wangu kama mdhamini wako. Huko hakuna aliyeniomba mhuri. Kampuni gani inachukua mtoto wa mtu bila mhuri wa baba yake? Una miaka thelathini na minne, najua. Mhuri hauulizi umri.

Sili tambi za kikombe.

Baba yako,
Onodera Kankichi


Thunder Bay
20 Novemba

Baba,

Theluji imeanguka, nzito na nyeupe. Ilianguka mwanzoni mwa wiki na ikaanguka tena katikati. Hapa wanaisukuma kwa mashine, barabara zinakuwa safi, halafu theluji inaanguka tena.

Nilifanya ulivyoniambia. Niliwazungukia wote na wote walisema wazo ni zuri sana. Mkutano ulikwenda. Watu walizungumza mengi. Mimi ni mzima na kazi inaendelea. Theluji inapendeza.

Vaa soksi za sufu.

Chizuru


Tsuruoka
2 Desemba

Chizuru,

Hii si barua, ni taarifa ya hali ya hewa. Nilimsomea jirani, Mwalimu Sugawara, yule aliyekuwa akifundisha Kiingereza sekondari. Akavua miwani akasema, "Mzee Onodera, huyu mtoto amelia." Nikamwambia nilijua kabla yake.

"Mkutano ulikwenda." Ulikwenda wapi? Wewe ukiwa na furaha barua yako inajaa majina ya watu, nani kasema nini, nani kavaa nini. Safari hii hakuna hata Doug. Mimi nimekulea, usinipige chenga.

Sema yote. Ukinificha nitaitoa simu kabatini, na nitapiga kelele mpaka mnisikie huko bila simu.

Baba yako,
Kankichi


Thunder Bay
15 Desemba

Baba,

Haya, umeshinda. Weka chai kwanza ukae.

Niliwazungukia kama ulivyosema. Doug nilimnunulia kahawa, nikamchorea buti kwenye karatasi ya kufutia mikono, akasema, "Safi kabisa, Chiz, nalipenda." (Ananiita Chiz. Nimeacha kupigana naye.) Tanis alisema hesabu zinaingia. Orest alikuwa na wasiwasi na gundi ya kisigino, nikabadilisha, akaridhika. Bi Koskela nilimpangia wa mwisho, siku moja kabla ya mkutano. Siku hiyo akaitwa Toronto. Nikajiambia si neno, wenzake wote wamekubali, yeye ataitikia tu.

Mezani nikasema sentensi mbili nikakaa. Nikasubiri waitikie. Doug akajiegemeza kwenye kiti akasema, "Mimi hapa naona matatizo," akaanza kuyamwaga: bei, umbo, kwamba mtu akizama kwenye theluji laini mguu utatoka na buti litabaki. Doug yuleyule wa kahawa. Niliganda. Kwetu mtu akikubali pembeni halafu akakugeuka mezani, hamsalimiani tena mpaka mmoja astaafu. Na mkutano ulipokwisha akanipiga begani, akaniuliza kama Jumamosi nitaenda naye kuvua samaki kwenye barafu. Alikuwa anatabasamu, Baba. Sikujua uso wangu niuweke wapi.

Lakini aliyenimaliza si Doug. Bi Koskela alikuwa anageuza kichwa, kwa Tanis, kwa Orest, na akagundua kwamba wote wanalijua buti hilo mpaka gundi yake, isipokuwa yeye. Akaniita ofisini akafunga mlango. "Kila mtu kwenye jengo hili amekunywa kahawa na hili wazo ila mimi," akasema. "Kama unakitaka kiti changu, niambie usoni." Nikashtuka. Nikainama nikasema samahani. Nikainama zaidi nikasema samahani sana. Kumbe huku mtu asiye na kosa hujitetea. Mimi kila nilivyoinama ndivyo alivyozidi kuamini kwamba nilikuwa nakula njama. Mwishoni akasema, "Basi angalau umekiri."

Tangu siku hiyo ananisalimia kwa adabu. Hiyo ndiyo inanitisha, maana wenzangu anawatania. Neno lake ndilo zito, na Machi haiko mbali. Najiona nashuka kwenye treni stesheni ya Tsuruoka na masanduku yangu, na majirani wanachungulia.

Tafadhali, Baba, usifanye kitu. Nimekuambia kwa sababu umenilazimisha, si ili ufanye kitu.

Chizuru


Tsuruoka
6 Januari

Kwa Mheshimiwa Bi Marlene Koskela,

Theluji imefika madirishani na paa zetu zinaguna kwa uzito. Natumaini afya yako ni njema katika baridi hii.

Mimi ni Onodera Kankichi, baba yake Chizuru. Sijui Kiingereza. Maneno haya ni yangu, Kiingereza ni cha jirani yangu Mwalimu Sugawara. Kama kuna kosa ni langu, kwa sababu yeye hakosei, na ameniambia niandike hivyo.

Naomba radhi kwako. Aliyemwambia binti yangu awazungukie watu ni mimi. Kwetu hivyo ndivyo mtu anavyomheshimu mkubwa wake: hamletei jambo bichi, anamletea lililoiva. Hukuwekwa mwisho kwa dharau. Uliwekwa mwisho kama anavyowekwa mgeni rasmi. Nimeambiwa kwamba kwenu anayesikia mwisho ndiye aliyedanganywa. Hilo sikulijua, nami nilitengeneza mabuti mpaka nikastaafu, nikidhani nimemaliza kujifunza.

Na alipoinama hakuwa anakiri. Huyu huinama hata akikanyagwa yeye.

Mimi ni mdhamini wake, ingawa kwenu hakuna aliyeniomba. Akikosea, aibu ni yangu. Pokea biskuti hizi za mchele, za nyumbani, hazina thamani yoyote. Tafadhali usiwaambie wengine pale mezani kuhusu barua hii. Ni jambo kati yako na mimi.

Kwa kichwa kilichoinama,
Onodera Kankichi


Thunder Bay
27 Januari

Baba,

Nilikuambia usifanye kitu. Nilikuambia kwa maandishi.

Jumanne tulikuwa mkutanoni, mambo ya zipu. Nikasikia sauti, kru, kru. Orest alikuwa anatafuna kitu, mkono ameuficha chini ya meza. Tanis alikuwa na chembe kwenye sweta. Halafu nikanusa mchuzi wa soya, na nikajisemea, basi, nyumbani nimepakumbuka mpaka nimeanza kurukwa na akili.

Doug ndiye asiyejua kukaa na siri. Akakohoa akasema, "Samahani, kuna mwingine aliyepata barua kutoka kwa baba yake Chiz, au ni mimi tu rafiki yake?"

Tanis akafungua mkoba wake. Orest akatoa ya kwake mfukoni, imelowa mafuta. Bi Koskela akavuta droo. Barua nne, Baba, na pakiti nne za biskuti, na kila barua mwisho wake inasema usiwaambie wengine, ni jambo kati yako na mimi. Umekwenda kumwombea radhi mtoto aliyewazungukia watu kimyakimya, kwa kuwazungukia watu kimyakimya.

Nilitamani sakafu ifunguke. Bi Koskela alizisoma zote nne, moja baada ya nyingine, midomo ameibana. Akafika kwenye ile ya Orest, uliyomwuliza kuhusu gundi, ukurasa mzima wa gundi. Mabega yakaanza kumtikisika. Akavua miwani. Nilidhani analia, kumbe anacheka mpaka sauti imemkatika. "Sasa nimeelewa," akasema. "Huu ni ugonjwa wa ukoo."

Jumapili akanipeleka nyumbani kwake ziwani. Wao ni watu wa asili ya Kifini, wana kibanda cha mvuke nyuma ya nyumba, unakaa humo unatoka jasho mpaka roho inalainika, kisha unakimbilia kwenye theluji. Tulioga kama watu wa kwetu, bila vyeo. Humo ndani niliweza kumwita Marlene. Tulizungumza mengi, mengine nitakuambia ukija.

Na Doug ameniambia hakunigeuka. Eti wazo asilolipenda huwa halipingi, husema safi kisha anaangalia saa. Aliponibishia mezani alikuwa ananipa heshima. Nimemwambia heshima yake ilinikosesha hamu ya kula, akaniletea samaki mkubwa kwenye mfuko wa plastiki. Nimemla mbichi na mchuzi wa soya. Doug alitazama pembeni.

Usifurahi mno. Ya Machi bado siyajui. Marlene amesema hawezi kuniahidi, wenye kuamua ni wanne na mauzo mwaka huu yamelegea.

Wewe una mambo, Baba. Nimekukasirikia siku nzima, halafu nimekula biskuti zako zote.

Chizuru

Kiingereza chako kizuri mno. Huyo Mwalimu Sugawara unamlipa nini?


Thunder Bay
20 Februari

Mpendwa Bwana Onodera,

Binti yako ameniambia barua huanza na hali ya hewa. Basi: baridi hapa imezidi kiasi kwamba leo asubuhi mlango wa gari ulifunguka ukakataa kufungika, nikaendesha nimeushika kwa mkono. Naomba Mwalimu Sugawara akusomee hii, na nampa salamu.

Kwanza, biskuti zimekwisha. Pili, radhi yako nimeipokea na ya kwangu naomba uipokee. Nilimwambia binti yako maneno makali kwa sababu nilikotoka, mtu akinong'ona na wenzako usipokuwepo, siku ya pili unakuta meza yako ina mtu mwingine. Imeshanitokea. Sikujua kwamba kuna kunong'ona kwa heshima.

Tarehe 27 Machi tutakaa kuamua kama Chizuru anabaki. Nikajiuliza, kwa nini nisijaribu njia yenu? Basi nimezunguka. Inachosha. Nimekula maandazi ya pinki kuliko umri wangu unavyoruhusu. Lakini nimesikia mambo ambayo mezani kwangu sikuwahi kuyasikia. Tanis, kwa mfano. Nimefanya naye kazi miaka, na kumbe mkutanoni hasemi kwa sababu Doug ana sauti kama honi ya lori. Kwa chai alisema kwa saa nzima. Alisema buti la Chizuru ndilo pekee ambalo mama yake, mwenye kiuno kibovu, ataweza kulivua peke yake. Alisema tumbakize. Orest anasema hajawahi kupata mbunifu anayeshuka karakana kuuliza gundi inakauka vipi. Tumbakize. Doug alibishana nami mpaka kahawa ikapoa, kisha akasema bila shaka tumbakize, alikuwa anajaribu tu kama nina uhakika. Na mimi uhakika ninao.

Nilidhani nimemaliza. Kisha nikakumbuka jambo alilonieleza Chizuru kule kwenye mvuke. Nilimwuliza hivi, wewe unayemwuliza kila mtu, kuna mtu hukumwuliza? Akasema, "Baba yangu. Nilimwambia mezani, tiketi ilishakatwa. Niliogopa kwamba nikimwuliza atasema nisiende, na mimi ningebaki."

Bwana Onodera, mimi nina binti Vancouver. Najua meza inakuwaje mtu mmoja akiondoka.

Kwa hiyo nakuuliza, kama ninavyopaswa, kabla ya kukaa. Tunamtaka abaki nasi. Unakubali? Nimewazungukia wote. Umebaki wewe. Chizuru hajui kwamba nakuandikia, na sitafungua mkutano bila jibu lako.

Wako,
Marlene Koskela


Tsuruoka
5 Machi

Mheshimiwa Bi Koskela,

Theluji inayeyuka na mifereji inaongea. Barua yako imefika.

Mwalimu Sugawara alinisomea. Nikamwambia asome tena, maana mara ya kwanza sikuamini. Mara ya pili yeye ndiye aliyeshindwa kumaliza, ikabidi tunywe chai.

Umeniuliza, nami nitajibu bila kuzunguka. Nilitaka arudi. Tangu alipopanda treni nilitaka arudi. Sikumwandikia hilo hata mara moja, kwa sababu mti uliokwisha kuhamishwa usiuvute vute. Nilipoandika zile barua nne nilikuwa naomba asifukuzwe, na huku kando ya moyo nikiomba afukuzwe. Hilo ndilo ninaloona haya nalo, si biskuti.

Sasa nimeulizwa. Mtu akiulizwa, anakuwa na nafasi ya kusema hapana. Nikaishika hiyo nafasi mkononi kutwa nzima, nikaigeuza, nikaona siihitaji.

Nakubali. Abaki.

Ila uyajue haya, maana sitakuwepo. Akiwa na kazi anasahau kula. Akisema hakuna tatizo, lipo. Na akizungumzia theluji kupita kiasi, mwulize tena.

Nimegonga mhuri wangu hapa chini. Najua kwenu hauna maana yoyote. Kwetu unayo.

Onodera Kankichi
mdhamini


Thunder Bay
28 Machi

Baba,

Sina majira ya mwaka. Leo yasubiri.

Jana walikaa. Mimi nilikuwa nimejiandaa kama mtu anayekwenda mahakamani. Miezi yote hii nimejifunza kwamba huku wakikupenda wanakubishia, kwa hiyo nilijaza majibu kichwani: Doug akisema hivi nitasema hivi, Tanis akiuliza bei nitamwonyesha. Nilitaka wanibishie mpaka paa lipasuke.

Marlene akasema, "Jambo la leo ni Chizuru kubaki. Kuna mwenye neno?"

Hakuna aliyesema. Orest aliangalia dari. Tanis alikunja mikono. Doug alifunga mdomo, Baba, na ungeona jinsi kazi hiyo ilivyomwelemea, uso ukawa mwekundu. Nikajua nimekwisha. Nikaanza kuhesabu masanduku. Hata kubishiwa sistahili, nikajisemea.

Marlene akasema, "Basi hakuna anayepinga," akatoa karatasi kwenye jalada lake, akaisukuma mbele yangu. Niliona mhuri kwanza. Mwekundu, umepinda kidogo kushoto kama unavyoupindisha siku zote. Kabla sijasoma neno hata moja nilijua umeshika kiti, umevaa miwani, umeupulizia pumzi kwanza.

Nimelia mbele ya wote. Orest akanipa andazi. Doug akapumua kwa nguvu akasema, "Jamani, huu ndio mkutano mgumu kuliko yote niliyowahi kukaa," na hapo wote wakapasuka kucheka, nami nikacheka na sukari ya pinki puani.

Mwaka jana sikukuuliza. Niliogopa utasema nisiende. Nimeisoma barua yako kwa Marlene, na najua ulichotaka na ulichokiandika. Ahsante, Baba. Nilikuwa natembea na jambo hili kama kokoto ndani ya buti, na sasa limetoka.

Buti lenyewe limepita. Doug alitaka kisigino kikaze kidogo kwa ajili ya theluji laini, na alikuwa sahihi, usimwambie. Sampuli ya kwanza ilitoka karakana leo. Doug amelivaa na kulivua mlangoni asubuhi nzima bila kuinama, anawaonyesha mpaka watu wa posta. Jozi ya pili nimekutumia wewe. Nimeona ni bora nitume na ya kike, saizi ndogo. Unajua ni ya nani.

Maana nimekaa nikafikiri. Oktoba uliniandikia kwamba huli tambi za kikombe, na mpaka leo hujaniambia hata mara moja unakula nini na nani anapika.

Binti yako anayebaki,
Chizuru


Tsuruoka
9 Aprili

Chizuru,

Machipukizi ya maua ya miti ya cheri kando ya mto yamevimba, bado wiki moja yafunguke. Majira ya mwaka hayo, nawe ujifunze.

Mabuti yamefika. Nimeyavua na kuyavaa mlangoni mpaka kisigino kikapata moto. Ukingo uko vizuri. Gundi ni nzuri, mwambie Orest. Ile jozi ndogo nayo imetosha, kwa hiyo umeshajua anayepika, na sina haja ya kuzunguka. Kumbe ninayo.

Kuna jambo nataka kulileta mezani. Sitaki liwe kama la supu na samaki, kwa hiyo nimeanza mapema. Mwanawe wa kiume aliyeko Sendai nilimpelekea achari ya figili. Alikubali kabla sijamaliza salamu, akasema alikuwa anashangaa nimechelewa. Mama yako nilimwendea kaburini. Nilifagia theluji iliyobaki, nikakaa naye, nikamweleza yote. Hakupinga, na wewe unamjua mama yako alipotaka kupinga. Mwalimu Sugawara mwenyewe sijamwambia. Yeye ndiye anayeposwa, ndiye mkubwa wa jambo hili, atakuwa wa mwisho.

Umebaki wewe.

Useme unalotaka, hata hapana. Nafasi unayo. Tia sahihi hapa chini urudishe karatasi hii. Kama huwezi kungoja posta, simu nimeitoa kabatini na nimeijaza moto. Ila piga asubuhi ya huku. Jioni yeye huwa hapa jikoni ananikaangia samaki, mimi kwenye simu napiga kelele, na bado hajaulizwa.

Baba yako,
Onodera Kankichi

Sahihi ya binti: ......................